Ripoti ya Aliyefyatua Risasi

Agosti 25, 2017, askari wa Somalia wakisaidiwa na makomando wa Marekani walivamia shamba moja huko Bariire, mkoa wa Shabelle ya Chini, kiasi cha kilomita 50 kutoka Mogadishu. Walipoondoka, watu 10 walikuwa wamekufa, na wakazi walisema baadhi yao ni watoto. Taarifa ya kwanza ya serikali ikadai hao walikuwa wapiganaji wa Al-Shabaab. Wazee wa ukoo hawakutoa taarifa yao. Walizipakia maiti kwenye magari, wakazipeleka hadi Mogadishu, wakazilaza hadharani zikiwa zimeviringishwa blanketi, wakasema hawaziki mpaka serikali itamke kwamba waliouawa ni raia. Kwa Waislamu, ambao maiti wao hustiriwa siku ileile, kukataa kuzika ni hatua nzito. Serikali ililegea, ikakiri kwamba raia wameuawa, na mazungumzo ya fidia yakaanza.

Novemba mwaka huohuo, kamandi ya Marekani inayosimamia Afrika, AFRICOM, ilitangaza kwamba imechunguza tukio hilo na kuridhika kuwa waliouawa wote walikuwa maadui wenye silaha. Hivyo serikali iliyokuwa mshirika wa operesheni ikawa inakiri, na jeshi lililoisaidia likawa linakana, na yote mawili yakabaki kwenye kumbukumbu hadi leo.

Sijui namna bora ya kueleza hali ya vikosi maalumu vya siri kuliko pengo hilo. Watu wanapojadili vikosi hivi hubishana kama vinahitajika au havihitajiki, na ubishi huo hauna tija, kwa sababu kila dola yenye uwezo itakuwa navyo. Swali lenye uzito ni dogo zaidi: baada ya shambulio la usiku, nani anaandika kilichotokea, na yupo mtu mwingine mwenye mamlaka ya kwenda pale mahali kuhakikisha? Kuporomoka kwa usimamizi wa vikosi hivi katika miaka 25 iliyopita ni kuporomoka kwa jibu la swali hilo. Ripoti ya aliyefyatua risasi iligeuka kuwa ripoti pekee.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Chukua Entebbe, Julai 1976. Israeli ilituma makomando Uganda kuwaokoa abiria wa ndege ya Ufaransa iliyotekwa. Mateka 102 waliokolewa, mateka 3 walikufa katika mapambano, na Dora Bloch, bibi kizee aliyekuwa amelazwa hospitalini Kampala, aliuawa baadaye na watu wa Idi Amin. Kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, alipigwa risasi akafa, na askari wa Uganda waliokufa walikuwa makumi. Ndege zilipitia Nairobi kujaza mafuta, jambo lililomtia Amin wazimu na ambalo Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda walilipia kwa damu. Entebbe imesifiwa hadi imechosha, na kila jeshi duniani huifundisha kama kilele cha ufundi. Kinachosahaulika ni namna ilivyosimamiwa. Baraza la mawaziri lilijadili na kupiga kura. Ilikuwa operesheni moja, yenye lengo moja, na ilipokwisha imekwisha. Tena watu zaidi ya 100 waliokuwa ndani ya jengo lile walirudi nyumbani wakiwa hai, kila mmoja na habari yake ya kusimulia. Hakuna kamanda ambaye angeweza kutunga uongo mkubwa juu ya Entebbe hata kama angetaka. Mateka ndio waliokuwa wakaguzi.

Uokoaji una sifa hiyo kila unapofanyika. Januari 2012 makomando wa Marekani walishuka kwa parachuti karibu na Adado, katikati ya Somalia, wakawatoa Mmarekani na Mdenmarki waliokuwa wametekwa kwa miezi mitatu. Mateka wawili walitoka wakiwa wazima na mwanamke yule akaandika kitabu. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyovizaa vikosi hivi, na siri yake inaeleweka: ukimtangazia mtekaji kwamba unakuja, utakuta maiti.

Marekani yenyewe iliingia kwenye biashara hii kwa mguu wa aibu. Aprili 1980 jaribio la kuwaokoa mateka wa ubalozi wake Tehran liliishia jangwani, helikopta ikagongana na ndege ya mizigo, wanajeshi 8 wakafa bila hata kumfikia adui. Iliundwa tume chini ya Admeri mstaafu James Holloway, na ripoti yake ikatolewa kwa umma miezi michache baadaye, ikitaja makosa moja baada ya jingine. Desemba mwaka huo ikaundwa kamandi ya pamoja ya operesheni maalumu, JSOC, ambayo ndani yake mna vile vikosi ambavyo Pentagon kwa miaka mingi haikupenda hata kuvitaja majina. Yaani kamandi yenye usiri mkubwa kuliko zote ilizaliwa na uchunguzi wa wazi. Leo jambo hilo linasikika kama hadithi ya nchi nyingine.

Mlango wa kuteleza ulifunguliwa na sheria, tena sheria iliyokusudiwa kufunga milango. Baada ya kashfa za CIA za miaka ya 1970, Bunge la Marekani liliunda kamati za kudumu za kusimamia ujasusi, na baada ya kashfa ya kuiuzia Iran silaha, likapitisha mwaka 1991 sheria inayotaka kila operesheni ya siri iwe na kibali cha maandishi cha Rais na ipelekwe mbele ya kamati hizo. Lakini sheria iliacha nje kile ilichokiita shughuli za kijeshi za kawaida. Mwaka 1991 hakuna aliyeshtuka. Baada ya Septemba 2001 wanasheria wa wizara ya ulinzi waliona thamani ya maneno yale: kachero wa CIA akimuua mtu Yemen anahitaji saini ya Rais na masikio ya kamati, komando akimuua mtu huyohuyo, mahali palepale, anaweza kuwa anafanya shughuli ya kijeshi ya kawaida. Donald Rumsfeld, waziri wa ulinzi wakati huo, hakuficha kwamba alitaka kazi ihamie upande wake. Ikahamia.

Kisha ikaja idadi. Jenerali Stanley McChrystal, aliyeiongoza JSOC kuanzia 2003 hadi 2008, ameandika mwenyewe kwamba Agosti 2004 kikosi chake Iraki kilifanya mashambulio 18 kwa mwezi mzima, na miaka miwili baadaye yakafika 300 kwa mwezi. Anaieleza kama habari ya ufanisi, na kwa upande wa utawala wa kazi ni kweli: taarifa zilizopatikana saa nne usiku zilizaa shambulio jingine saa nane. Lakini mashambulio 300 kwa mwezi ni 10 kila usiku, na baraza gani la mawaziri litajadili 10 kila usiku? Kamati gani ya bunge itayasoma? Mateka wa kurudi kusimulia hawapo. Waliobaki nyuma ni wake na wazee wa nyumba iliyovunjwa mlango, na maneno yao, yakisikika, huwekwa kwenye fungu la propaganda za adui.

Usiku wa Februari 12, 2010, kwenye kijiji cha Khataba karibu na Gardez, Afghanistan, familia moja ilikuwa na sherehe ya kumpa mtoto jina. Makomando walizingira nyumba. Walimuua ofisa wa polisi aliyekuwa amepata mafunzo ya Wamarekani wenyewe, ndugu yake aliyekuwa mwendesha mashtaka, na wanawake watatu, wawili kati yao wajawazito. Taarifa ya NATO iliyotoka kabla siku haijapita ilisema askari walikuta maiti za wanawake zikiwa zimefungwa kamba na kuzibwa midomo, kana kwamba jamaa zao wenyewe ndio waliowaua. Ndivyo ilivyoandikwa. Mwandishi wa gazeti la The Times la London, Jerome Starkey, alikwenda kijijini akazungumza na familia, na NATO ikamkanusha kwa jina. Kufikia Aprili ilibidi ikiri kwamba wanawake wale waliuawa kwa risasi za askari. Ndugu wa marehemu na wachunguzi wa Kiafghan walidai risasi zilichokolewa kwenye miili kabla makomando hawajaondoka, NATO ilikana. Siku chache baadaye Admeri William McRaven, mkuu wa JSOC, alifika kijijini na kondoo wa kuchinja, kwa desturi ya pale ya kuomba msamaha. Hakuna askari aliyefikishwa mahakamani.

Kondoo wale walinistaajabisha kuliko kitu kingine. Mkuu wa kamandi yenye usiri mkubwa kuliko zote amesimama uani kwa watu, mchana kweupe, mbele ya waandishi. Kilichomfikisha pale ni mwandishi mmoja aliyekwenda kijijini. Mfumo mzima wa kijeshi na bunge juu yake ulikuwa na karatasi mkononi iliyosema mambo yako sawa.

Wapo watakaosema makosa ya vita hayakwepeki, na kwamba kuhukumu kwa matukio mawili matatu ni kuonea. Ndiyo maana kesi ya Australia ina uzito wake, kwa kuwa huko dola ilijichunguza yenyewe, kwa miaka minne, kwa kiapo. Paul Brereton, jaji wa mahakama ya rufani na meja jenerali wa akiba, alipewa kazi mwaka 2016 ya kupeleleza uvumi juu ya vikosi maalumu vya nchi hiyo vilivyokuwa Uruzgan, Afghanistan. Alihoji mashahidi zaidi ya 400. Ripoti iliyotolewa Novemba 2020, ikiwa na kurasa nyingi zilizofutwa kwa wino mweusi, ilipata taarifa za kuaminika kwamba watu 39 waliuawa kinyume cha sheria katika matukio 23, na kwamba wanajeshi 25 walihusika, kwa kuua au kushiriki. Hakuna hata tukio moja lililotokea katika purukushani za mapigano, risasi zikiruka na mtu akikosea shabaha. Waliouawa walikuwa raia au watu waliokwisha kukamatwa.

Kilichomo ndani ya ripoti hiyo ni mafunzo kamili ya jinsi kikosi kinavyooza. Doria ya SAS, kikosi maalumu cha Australia, ni watu wachache, watano au sita, chini ya koplo au sajini. Juu yake wapo kapteni, meja, na kanali. Kwenye karatasi, mnyororo wa amri ulikuwa kamili. Kwa vitendo, maofisa walizunguka. Wanakuja kwa muda, wanaondoka. Makoplo na masajini walibaki, walirudi vitani safari baada ya safari, na sifa zao zikawa kubwa kuliko vyeo vyao. Ofisa kijana aliyehoji alionekana msaliti. Baadhi ya wakuu hao wa doria, kwa mujibu wa ripoti, walimwamuru askari mgeni ampige risasi mfungwa ili apate mauaji yake ya kwanza. Baada ya hapo huwekwa kando ya maiti bastola, redio ya mawasiliano au bomu la mkono lililobebwa maksudi kutoka kambini, picha inapigwa, na picha inaambatanishwa na ripoti.

Ripoti zenyewe zilikuwa na lugha ya kunakili. Marehemu daima alikuwa ameonyesha nia ya uadui. Daima alikuwa anaelekea mahali pa kujificha. Maneno yalipangwa kufuata kanuni za kutumia nguvu, neno kwa neno, ili mwanasheria wa makao makuu asiwe na la kuuliza, na wakati mwingine maofisa wa makao makuu wenyewe walisaidia kuzipamba kabla hazijapanda juu. Malalamiko ya wanakijiji yalipofika, yalichukuliwa kama janja ya Taliban au tamaa ya fidia. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ambako fomu hujazwa ili mkaguzi aridhike ataitambua tabia hii, ila hapa kilichokuwa kinajazwa ni uhai wa mtu.

Na ishara zilikuwapo za kuonekana kwa macho. Ndani ya kambi ya Tarin Kowt kulikuwa na baa isiyo rasmi ya makomando, mahali ambapo pombe ilikuwa marufuku. Kwenye baa hiyo askari walinywea bia katika mguu wa bandia uliochukuliwa kwa Mwafghani aliyeuawa mwaka 2009, na picha zilipigwa, na picha zilisambaa. Je, hakuna ofisa aliyewahi kupita pale? Brereton alihitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa wakuu wa ngazi za juu walijua kuhusu mauaji, na kwamba lawama yao ni ya kimaadili. Ni hitimisho la jaji mwangalifu. Mimi naliona kuwa la huruma kupita kiasi. Mtu anayelipwa kujua, ilhali baa haramu ipo hatua chache kutoka ofisini kwake, anapaswa kujibu kwa nini hakujua. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwavua nishani baadhi ya makamanda, miaka 12 au zaidi baada ya matukio mengi.

Aliyeanza kufumua mambo haya hakuwa mkaguzi wa jeshi. Mkuu wa vikosi maalumu alimwajiri mwanasosholojia, Samantha Crompvoets, achunguze utamaduni wa kazi na mahusiano ya vikosi na taasisi nyingine. Alikaa na watu akiwa na daftari, na watu wakaanza kumwambia yale ambayo hakutumwa kuyauliza. Askari walikuwa na hamu ya kusema. Walichokosa ni mtu wa kumwambia ambaye si mmoja wao.

Matokeo ya kisheria ni machungu. Askari wa kwanza alishtakiwa kwa uhalifu wa kivita wa mauaji Machi 2023. Ben Roberts-Smith, mwenye Msalaba wa Victoria na askari aliyeheshimiwa kuliko wote nchini humo, aliyashtaki magazeti yaliyomtuhumu, na Juni 2023 jaji wa kesi hiyo ya madai akaona kwamba tuhuma za mauaji kadhaa zilikuwa za kweli kwa kipimo cha kesi za madai. Rufaa yake ilishindwa Mei 2025, naye ameendelea kukana. Na mtu wa kwanza kwenda jela kwa sakata hili lote alikuwa David McBride, mwanasheria wa jeshi aliyewapa waandishi nyaraka za siri. Alihukumiwa Mei 2024 kifungo cha miaka 5 na miezi 8. McBride si malaika, na malalamiko yake ya awali yalikuwa tofauti na yale ambayo waandishi waliyakuta kwenye nyaraka zake, lakini mpangilio wa tarehe unasema mengi kuhusu mahali ambapo dola huwa na haraka. Isitoshe, Taliban walirudi madarakani Agosti 2021, na tangu hapo wapelelezi wa Australia hawawezi kufika Uruzgan kupima umbali, kukagua kuta wala kufukua risasi.

Uingereza imechukua njia ya kunyamaza. Sera yake rasmi ni kutozungumzia vikosi maalumu kabisa, na hakuna kamati ya bunge yenye jukumu la kudumu la kuvisimamia. Hata kamati ya ujasusi, inayoona siri za MI6, haina mamlaka juu ya SAS ya nchi hiyo. Polisi wa kijeshi walipeleleza kwa miaka mitano tuhuma za mauaji Afghanistan, wakafunga jalada mwaka 2019 bila kumshtaki mtu. BBC ilipochapisha mwaka 2022 kwamba kikosi kimoja cha SAS kinashukiwa kuua watu 54 kinyume cha sheria katika zamu ya miezi sita, serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji Charles Haddon-Cave. Barua pepe zilizowekwa wazi zinaonyesha maofisa wa Uingereza wenyewe walikuwa wakishangaa kwenye ofisi zao: mfungwa anarudishwa ndani ya nyumba kusaidia kupekua, halafu anaibuka na bomu nyuma ya pazia, wiki inayofuata mfungwa mwingine, pazia jingine. Waliona idadi ya maiti ikizidi idadi ya bunduki zilizokamatwa. Waliandika. Karatasi zikafungiwa kabatini. Na polisi wa kijeshi walipotaka data ya seva ya makao makuu ya vikosi hivyo, sehemu yake ilifutwa kabla hawajaikagua.

Kwa Wakenya hilo halina ugeni. Miaka ya 1950 ofisa kijana wa ujasusi wa Uingereza, Frank Kitson, alikuza mbinu ya magenge bandia: wapiganaji wa Mau Mau waliokamatwa na kugeuzwa, wakirudishwa msituni pamoja na askari wa kizungu waliojipaka rangi, kuwawinda wenzao. Kitson aliandika vitabu juu ya mbinu zake na akapanda hadi ujenerali. Mawazo yake yalifika Belfast, Ireland Kaskazini, miaka ya 1970. Majalada ya kipindi kile yalichomwa au kusafirishwa Uingereza kabla ya uhuru wa 1963. Wazee walioteswa kwenye kambi za kizuizi za kikoloni walipokwenda mahakamani London, ndipo mwaka 2011 serikali ikakiri kuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37 yaliyofichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Karatasi zilikuwapo muda wote. Zilisubiri nusu karne, na wengi waliohusika, pande zote mbili, walikwisha kufa.

Inabidi pia niseme linalowatetea makomando. Oktoba 2013 makomando wa majini wa Marekani walitua ufukweni Barawa, mji wa kale ambao wenyeji wake huzungumza Chimwini, lahaja ndugu ya Kiswahili chetu, wakimfuata Mkenya aliyetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Al-Shabaab. Walikuta upinzani mkali, na maofisa wa Marekani wakasema kamanda aliona watoto ndani ya nyumba akaamua kurudi baharini mikono mitupu. Miaka minne kabla, si mbali na hapo, helikopta za Marekani zilikuwa zimemuua Saleh Ali Saleh Nabhan, mtu wa Mombasa aliyesakwa kwa shambulio la hoteli ya Kikambala la 2002, na wapo waliofiwa Kikambala ambao hawakumlilia. Naamini habari ya watoto wa Barawa, kwani jeshi halina sababu ya kujitungia kushindwa. Lakini hata sifa hii tunaipata kwa vinywa vya wenye kusifiwa, na komando mwema hana namna ya kuthibitisha wema wake kwa mtu wa nje, sawasawa na komando mwovu asivyo na namna ya kunaswa. Usiri uliopitiliza unawadhulumu walio safi.

Wala lawama haziwaishii wanajeshi. Oktoba 2017 wanajeshi 4 wa Marekani waliuawa Tongo Tongo, Niger, na Seneta Lindsey Graham, mjumbe wa kamati ya majeshi, akasema hadharani hakujua kwamba nchi yake ina askari wapatao 1,000 kule. Barua ya Rais kwa Bunge ya Juni mwaka huohuo ilikuwa imetaja askari wapatao 645 Niger. Barua ilikuwapo. Mbunge asiyesoma barua hawezi kulalamika kwamba amefichwa, na wabunge wengi huona faraja katika kutojua, maana anayejua ataulizwa.

Ukiangalia kesi hizi pamoja, dawa haionekani kuwa kutangaza operesheni kabla hazijafanyika, kama wapinzani wa usimamizi wanavyopenda kutisha. Kinachohitajika ni cha baada: mtu asiye wa kikosi, mwenye cheo cha kutosha asiogope, anayekwenda mahali penyewe au, ikishindikana, anayewasikiliza waliobaki, video zitunzwe na mtu mwingine, na takwimu zipekuliwe, kwa sababu maiti 9 na bunduki 3 ni swali linalojiuliza lenyewe. AFRICOM ilionja jambo hili mwaka 2019. Ilikuwa imedai kwa muda mrefu kwamba mashambulizi yake ya anga Somalia hayajaua raia hata mmoja. Amnesty International ikachapisha uchunguzi wake Machi, kamanda akaagiza majalada yapitiwe upya, na Aprili ikakiri kwamba shambulio la Aprili 2018 karibu na El Buur liliua mwanamke na mtoto. Habari hizo zilikuwa zimekwisha kujulikana ngazi ya chini ya jeshi lenyewe. Hazikupandishwa makao makuu. Mwaka uliofuata kamandi hiyo ilianza kutoa ripoti za kila robo mwaka kuhusu madai ya vifo vya raia, na kwa muda mfupi ilionekana kama mambo yanageuka.

Hayakugeuka. Februari 2025 waziri wa ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, aliwaondoa kazini wanasheria wakuu wa majeshi, wakiwamo wa jeshi la nchi kavu na wa jeshi la anga, akisema hataki vizuizi. Ofisi iliyoundwa kupunguza madhara kwa raia ikaanza kuvunjwa. Septemba 2, 2025, boti iliyodaiwa kubeba dawa za kulevya ilishambuliwa kwenye bahari ya Karibi, katika operesheni iliyoongozwa na JSOC chini ya Admeri Frank Bradley. Watu 11 walikufa. Karibu miezi mitatu ilipita kabla magazeti hayajafichua kwamba shambulio la kwanza liliacha watu wawili hai wakiwa wameshikilia mabaki ya boti, na kwamba shambulio jingine ndilo lililowamaliza. Serikali ilikuwa imetoa kwa umma kipande cha video cha mlipuko wa kwanza. Mwanzoni mwa Desemba Bradley aliwaonyesha baadhi ya wabunge video ya sehemu iliyobaki, nyuma ya milango iliyofungwa. Jim Himes, wa chama cha Democratic, alitoka akisema ni miongoni mwa mambo yanayofadhaisha zaidi aliyoyaona katika utumishi wake. Tom Cotton, wa chama cha Republican, alitoka kwenye maelezo hayohayo akisema mashambulio yote yalikuwa halali na ya haki. Karibu wiki mbili baadaye Hegseth alitangaza kwamba video kamili haitaonyeshwa kwa umma.